Shotigani ya Kwanza: Mwongozo Kamili wa Kuchagua Bunduki ya Shabaha na Windo Dogo, Mwanza na Kando ya Ziwa

Mwaka hauishi bila mtu kunifuata na malalamiko yale yale. Leseni ameihangaikia, pesa ametoa, bunduki anayo. Lakini bega limevilia damu, kanga wanaruka na kumwacha, na risasi za bunduki yake anazungukia mji mzima bila kuzipata. Nikimuuliza aliichaguaje, jibu huwa moja: aliipenda alipoiona.

Kosa linaanzia hapo. Shotigani haichaguliwi kwa macho. Kinaanza kibali, zinafuata risasi unazoweza kuzipata mwaka mzima, halafu mwili wako, na bunduki yenyewe inakuja mwisho. Ukianza na bunduki, hayo mengine yote utalazimika kuyapinda ili yaifuate, na bega halipindiki.

## Mahitaji

Kusanya hivi kabla hujaingia duka lolote:

- Vielelezo vya maombi ya leseni, na nakala zake.
- Sanduku la chuma lenye kufuli, lililofungwa kwa bolti ukutani au sakafuni.
- Futi ya fundi cherehani na rula yenye milimita.
- Tochi ndogo yenye mwanga mkali.
- Risasi bandia mbili za mazoezi, zisizo na baruti, za geji (kipimo cha upana wa mtutu) utakayonunua.
- Mifuko kumi hivi ya saruji iliyokwisha kutumika, uji mzito wa kugundishia, kamba na kipande cha mkaa.
- Miwani ya kinga na vizibo vya masikio.
- Ufito wa kusafishia mtutu, brashi yake, vitambaa vya pamba na mafuta ya bunduki.
- Mtu mwenye leseni na uzoefu, atakayekuwa nawe siku ya kukagua na siku ya kwanza ya kupiga.

Mtu huyo usimruke. Mimi nilifundishwa na baba mdogo wangu kule Misungwi, na kwa majuma matatu hakuniruhusu kugusa risasi yenye baruti. Nilikuwa nafungua bunduki, naangalia ndani, nafunga, naweka begani, nafungua tena. Nilichukia. Leo mkono wangu hufungua bunduki wenyewe kila ninapoishika, hata kama niliiacha tupu dakika tano zilizopita.

## Hatua ya 1: Anza na leseni, pesa baadaye

Umiliki wa silaha nchini unasimamiwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Maombi huanzia kwa watu wanaokufahamu unakoishi, yaani serikali ya mtaa au kijiji, kisha hupanda hadi polisi na kamati za usalama. Nenda kituo cha polisi cha wilaya yako, iwe Nyamagana, Ilemela, Magu au Sengerema, uombe orodha ya masharti ya sasa kwa maandishi. Usitegemee masimulizi ya kijiweni, kwa sababu ada na fomu hubadilika.

Ukiwa pale uliza mambo matatu: aina gani za shotigani zinapewa leseni kwa sababu uliyoitaja, unaruhusiwa kununua risasi ngapi, na bunduki inatakiwa ihifadhiwe vipi.

Onyo: usilipie bunduki kabla ya kibali, hata "kuishikilia tu isichukuliwe na mwingine". Na ukikutana na bunduki ambayo namba yake imekwanguliwa, au muuzaji anayesema karatasi zitafuata, ondoka hapo hapo. Leseni ni yako na bunduki yako; huwezi kuazima ya jirani kwenda nayo shamba, wala kumwazima yako.

Leseni ya silaha si leseni ya kuwinda. Wanyamapori wote, hata kanga anayeparura shambani kwako, wako chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009. Kwa uwindaji unahitaji leseni nyingine, yenye aina ya mnyama, idadi, eneo na muda. Waulize ofisa wanyamapori wa wilaya na TAWA, yaani Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania, kama msimu umefunguliwa na ni maeneo gani yanayoruhusiwa kwa wenyeji. Hifadhi za Taifa kama Kisiwa cha Saanane, Rubondo na Serengeti si za kuwinda kabisa. Kuwinda usiku kwa tochi au ukiwa juu ya gari ni kosa.

Hatua hii imekamilika ukiwa na karatasi mkononi inayosema unaruhusiwa kununua nini. Maneno ya "imeshapita, usijali" hayatoshi.

## Hatua ya 2: Amua utapiga nini

Andika kwenye daftari windo lako halisi, si lile unaloliota. Kwa wengi wa huku orodha ni fupi: shabaha za karatasi na makopo kwenye uwanja ulioruhusiwa, njiwa wanaoshukia mtama, kwale, kanga, sungura, na kwa wenye leseni yake, bata bukini kwenye majaruba ya mpunga ya Magu na Kwimba.

Wote hao hupigwa ndani ya mita 35. Ukilikubali hilo tangu sasa, utaokoa pesa nyingi, maana hutahitaji mtutu mrefu kama mti wa mtumbwi wala risasi za kuvunja bega.

Kuna swali huniijia kutoka Ukerewe na Sengerema karibu kila mara: je, itanisaidia nikikutana na kiboko? Hapana. Marisau ya ndege, yaani vile vipira vidogo vinavyotoka kwenye risasi ya shotigani, kwa kiboko au mamba humtia hasira na jeraha tu. Ukimwona, rudi nyuma, mwachie njia ya majini, na uwaarifu watu wa wanyamapori. Usinunue bunduki ya kanga ukiwa na kiboko kichwani.

Jifunze pia usiowagusa. Korongo taji hushuka kwenye majaruba yale yale wanamoshuka bata, na furukombe hukaa kwenye miti ile ile ya ufukweni. Kama huwezi kumtaja ndege kwa jina lake, hujawa tayari kumpiga.

## Hatua ya 3: Chagua risasi kwanza

Hapa ndipo wengi wanapoangukia, kwa hiyo nitakaa kidogo.

### Geji

Geji ni upana wa mtutu, na hesabu yake iko kinyume: namba ikipanda, mtutu unakuwa mwembamba. Geji 12 ina upana wa karibu milimita 18.5, geji 20 karibu 15.6. Kuna pia .410, ambayo ni kama milimita 10.4, hiyo ni nyembamba na ina marisau machache. Watu huinunua wakidhani ni ya mwanafunzi kwa kuwa haipigi teke, kumbe marisau yakiwa machache ni lazima ulenge vizuri zaidi. Mwanafunzi hukosa, hukata tamaa.

Zunguka maduka yenye leseni ya kuuza risasi. Uliza: "Geji gani mnayo leo, na ipi haikosekani?" Mara nyingi utasikia 12. Geji 20 ni nzuri sana kwa mtu mwenye mwili mdogo, na ningeipendekeza zaidi kama risasi zake zingekuwa rahisi kupatikana. Bunduki isiyo na risasi ni fimbo ya bei ghali.

Onyo la uhai: nyumba yenye geji 12 na geji 20 isichanganye risasi zake mfukoni hata siku moja. Risasi ya 20 ikiingizwa kwenye mtutu wa 12 haikwami kwenye chemba, yaani nafasi ya nyuma ya mtutu inamokaa risasi. Huteleza mbele na kuganda ndani ya mtutu. Mpigaji hufyatua, husikia kimya, hudhani hakuweka kitu, huingiza ya 12 nyuma yake. Mtutu hupasuka karibu na mkono wa kushoto. Ndiyo maana viwanda vingi hutengeneza risasi za geji 20 zikiwa za njano. Rangi hiyo ni onyo.

### Urefu wa chemba

Pembeni mwa mtutu, karibu na chemba, utaona maandishi kama 12/70 au 12/76. Namba ya pili ni urefu wa chemba kwa milimita. Bunduki kuukuu nyingi ni 65, za kawaida ni 70, na za risasi nzito ni 76 au 89.

Urefu ulioandikwa kwenye boksi la risasi ni wa ganda likishafunguka, baada ya kupigwa. Kabla ya hapo mdomo wake umekunjwa ndani, kwa hiyo risasi ya 76 ni fupi vya kutosha kuingia chemba ya 70 bila kukataa. Inaingia vizuri kabisa, na hapo ndipo mtu anapodanganyika. Ikifyatuliwa, mdomo unatafuta nafasi ya kufunguka na hauipati, unabanwa kwenye kingo za chemba, na shinikizo linapanda.

Kijana mmoja aliniletea maganda kama hayo kwenye mfuko wa rambo, akilalamika kwamba bunduki aliyoinunua kwa mtu inapiga teke la punda. Niliyashika moja moja kwenye mwanga wa dirisha. Midomo yote ilikuwa imechanika nyuzi nyuzi, kama ncha ya kamba ya katani iliyokatika, na mbili zilikuwa na weusi wa moshi uliovuja hadi karibu na shaba. Bunduki yake ilikuwa ya chemba ya 65. Risasi alizouziwa zilikuwa 76. Nilimwambia, "Mdogo wangu, bega lako limekuwa likikuambia kitu." Alikuwa ameshapiga kumi na moja.

Kanuni ni rahisi: risasi fupi kwenye chemba ndefu inakubalika, risasi ndefu kwenye chemba fupi ni marufuku. Kwa bunduki ya kwanza tafuta chemba ya 70 au 76, kisha piga risasi za 70 tu.

### Uzito na ukubwa wa marisau

Kwa shabaha na njiwa, gramu 24 hadi 28 zinatosha. Kwa kanga na sungura, 28 hadi 32. Ukiona boksi la gramu 50 na picha ya bata bukini, lirudishe kwenye rafu. Hilo si la mwaka wako wa kwanza.

Ukubwa wa marisau usome kwa milimita, maana namba hubadilika kutoka nchi hadi nchi. Namba 6 ya Marekani ni karibu milimita 2.8, ya Uingereza ni karibu 2.6. Njiwa na kwale: milimita 2.4 hadi 2.6. Kanga na sungura: 2.8 hadi 3.0. Bata bukini: 3.3 kwa marisau ya risasi nyeusi, yaani madini ya risasi.

Yale makubwa yanayoandikwa AAA na SSG yaache. Ni machache ndani ya ganda, yana mapengo makubwa kwa ndege, na SSG inaweza kuruka zaidi ya nusu kilomita.

Neno kuhusu madini. Risasi nyeusi ni sumu. Marisau yakizama kwenye tope la jaruba, bata huyameza wakidhani ni vijiwe vya kusagia chakula, nao hufa taratibu mahali ambapo hutawaona. Ukiwinda majini, tafuta marisau ya chuma, yakiwa makubwa kwa hatua mbili kuliko uliyozoea. Lakini hayo usiyapige kwenye bunduki kuukuu wala kwenye mtutu wenye mbano mkali, yaani uliobanwa sana karibu na mdomo. Ni magumu na huweza kuharibu mdomo wa mtutu.

Utajua umemaliza hatua hii ukiweza kuandika mstari mmoja kama huu: geji 12, milimita 70, gramu 28, marisau 2.4 kwa shabaha na 2.8 kwa kanga. Mstari huo nenda nao dukani.

## Hatua ya 4: Chagua aina ya mtambo

Mtutu mmoja wa kukunja, yaani bunduki inayokunjwa katikati ili kuweka risasi. Nyepesi, rahisi, haina mambo mengi ya kuharibika. Ubaya wake ni wepesi huo huo: bunduki ya kilo 2.5 inapiga teke zaidi kuliko ya kilo 3.2 kwa risasi ile ile. Ukiinunua, kaa kwenye gramu 24 au 28.

Mitutu miwili ya kukunja, iwe ubavu kwa ubavu au juu na chini. Hii ndiyo ninayoipendekeza kwa wengi. Sababu yangu kubwa ni kwamba ikiwa imekunjwa, kila mtu aliye karibu anaona kwa macho yake kwamba haiwezi kulia. Mkitembea watatu kwenye tuta jembamba la jaruba, au mkivuka maji kwa mtumbwi, usalama huo huwezi kuununua kwa njia nyingine. Tena kila mtutu unaweza kuwa na mbano wake.

Pampu, ile inayovutwa nyuma na mbele kwa mkono kuingiza risasi. Imara, na bei yake mara nyingi ni nafuu. Lakini hubeba risasi kadhaa kwenye magazini, na mgeni husahau moja ndani. Ukiichagua, jifunze kuitoa risasi zote na kuingiza kidole kwenye chemba kuhakikisha, kila mara.

Inayojikoki yenyewe. Nyingine hupunguza teke vizuri, ila zina vipande vingi, hazipendi mchanga, na baadhi hukwama kwa risasi nyepesi. Uliza polisi kwanza kama aina hiyo itapewa leseni.

Greener za zamani. Bunduki hizi za mtutu mmoja tumezizoea mabegani mwa walinzi. Tahadhari: baadhi ya zile zilizotengenezwa kwa ajili ya polisi zilitumia risasi za peke yake, si geji 12 ya kawaida. Kama huna uhakika wa chemba yake, usiichukue iwe ya kwanza.

Urefu wa mtutu usikuumize kichwa. Sentimita 66 hadi 71 zinafaa kwa yote niliyoyataja.

## Hatua ya 5: Pima bunduki kwenye mwili wako

Shotigani huilengi kwa utulivu kama mtu anayetunga uzi kwenye sindano. Unamtazama ndege, bunduki inafuata jicho. Kwa hiyo kitako kikiwa kirefu au kifupi kwako, marisau yataenda usikotazama, na mazoezi hayataliondoa kosa hilo.

1. Jua jicho linaloongoza. Nyoosha mikono, tengeneza tundu dogo kwa viganja viwili, tazama kupitia humo kitu cha mbali, mathalani jiwe juu ya kilima. Funga jicho la kushoto. Kama jiwe bado lipo, jicho lako la kulia ndilo linaloongoza. Kama limetoweka, ni la kushoto. Mtu wa mkono wa kulia mwenye jicho la kushoto hukosa ndege maisha yake yote bila kujua kwa nini; ama ajifunze kupigia bega la kushoto, ama afumbe jicho hilo anapopiga.

2. Hakikisha bunduki ni tupu. Wewe uone, na muuzaji aone. Omba ruhusa ya kuiweka begani, na uielekeze upande salama.

3. Fumba macho, weka bunduki begani kwa raha, fumbua. Jicho liwe limelala katikati ya mgongo wa mtutu, likiiona ncha ya mbele. Ukiona nyuma ya mtambo tu, kitako kiko chini mno kwako. Ukiuona mgongo wote kama barabara ya kupanda mlima, kiko juu mno.

4. Pima nafasi kati ya pua na dole gumba la mkono unaoshika shingo ya kitako. Vidole viwili hadi vitatu ni sawa. Pua ikigusa dole gumba, kitako ni kifupi, na risasi ya kwanza itakutoa damu.

5. Rudia mara kumi. Kitako kikinasa kwapani kwenye shati, ni kirefu.

Kitako kifupi hurekebishwa kwa mpira wa nyuma. Kirefu hukatwa na fundi wa bunduki mwenye leseni. Fundi seremala usimpe, hata awe hodari wa makabati.

Umepata bunduki yako pale ambapo mara nane kati ya kumi unafumbua macho na ncha iko pale pale ulipokuwa unatazama.

## Hatua ya 6: Kagua iliyokwishatumika

Wengi wetu tutanunua ya mkono wa pili. Fanya hivi mchana, si chini ya taa ya duka.

- Namba. Linganisha ya kwenye bunduki na ya kwenye leseni ya muuzaji, tarakimu kwa tarakimu.
- Ndani ya mtutu. Ielekeze mbinguni, upande mwingine umulike tochi. Tafuta vidoa vya kutu vilivyochimba. Kisha uangalie duara za kivuli: zikiwa kamili, mtutu umenyooka, ikitokea pete moja iliyovunjika, kuna uvimbe au mbonyeo. Uvimbe ni wa kukataa moja kwa moja.
- Nje. Pitisha vidole taratibu kutoka chemba hadi mdomoni. Vidole huona kuliko macho.
- Bawaba. Kwa za kukunja, toa kipande cha mbao cha mbele, funga bunduki, ishike kitako na utikise. Ikigonga kama bakuli lenye ufa, imelegea.
- Sefti (kizuizi cha kufyatua) na kifyatulio. Weka risasi bandia. Sefti ikiwa imefungwa, kifyatulio kisifanye kitu. Fungua sefti bila kugusa kifyatulio; isilie. Gonga kitako kwa kiganja, isilie.
- Kitako. Ufa mwembamba kwenye shingo, hasa chini ya rangi mpya ya vanishi. Vanishi mpya kwenye bunduki kuukuu inanitia wasiwasi siku zote.
- Madoa ya kuchomelea. Mtutu uliowahi kuguswa na fundi wa mageti hauna dawa.

Mitutu yenye michoro ya mawimbi kwenye chuma chenyewe ni ya ufundi wa zamani wa kusokota vyuma. Inapendeza ukutani. Usiipige kwa risasi za leo.

Hapo hapo soma mbano. Bunduki nyingi za Ulaya huandikwa nyota karibu na chemba: nyota moja ni mbano mkali, tatu ni wa kati, nne ni mdogo, na CL ni wazi kabisa. Ikiwa na mibano ya kufungua kwa skrubu, hesabu mikato kwenye ukingo: mmoja ni mkali, mitano ni wazi. Ya kuanzia iwe na mbano mdogo au wa kati. Watu hununua mkali wakidhani unapiga mbali, kumbe kwa mita 20 marisau yanakuwa bado yamesongamana: ama umkose kanga, ama umsage asilike.

## Hatua ya 7: Soma mtawanyiko kwa mifuko ya saruji

Sasa bunduki ni yako, ina leseni, na uko kwenye uwanja ulioruhusiwa. Pasua mifuko ya saruji, kung'uta vumbi, gundisha karatasi mbili mbili kwa uji hadi upate shiti pana kuliko mita moja. Kausha juani. Itundike kwenye fremu ya miti, na nyuma yake pawe na tuta la udongo laini.

Zoezi la kwanza: mita 15. Chora doa la mkaa katikati. Weka bunduki begani haraka ukitazama doa, fyatua bila kupima. Badilisha karatasi, rudia mara nne. Angalia katikati ya kila kundi iko wapi. Likienda mara zote sentimita tano juu ya doa, kitako kinahitaji kushushwa kama milimita tatu. Likienda huku na kule bila mpangilio, tatizo ni mazoea yako, si bunduki.

Zoezi la pili: mita 36 hadi 37. Piga moja kwenye karatasi safi. Kisha tafuta mahali marisau yalikojaa zaidi, na kwa kamba ya sentimita 38 chora duara kwa mkaa. Hesabu matundu ndani. Risasi ya gramu 32 yenye marisau ya 2.8 ina kama 250. Mbano wa kati ukiweka karibu 150 humo, uko vizuri. Mdogo, karibu 125.

Halafu chukua kisosi cha chai, kitembeze ndani ya duara. Kila kinapokaa kifunike walau matundu matatu. Panapokuwa na nafasi ya kisosi bila tundu, ndipo kanga aliyejeruhiwa atakapopitia. Jaribu risasi ya kampuni nyingine, au sogea karibu zaidi: mita 30, kisha 25. Umbali ambao kisosi hakipati nafasi ndio mwisho wako wa kupiga. Uandike ndani ya kifuniko cha boksi la risasi na uuheshimu.

Wengi hunijibu kwamba hii ni kuharibu risasi. Risasi nane kwenye karatasi zimenifundisha zaidi ya mabegi mawili niliyowahi kuyamalizia angani.

## Hatua ya 8: Siku ya kwanza porini, na hatari zetu za huku

Mwanza ni mji wa mawe, na hilo lina uzito kwa mpigaji. Risasi ikikutana na mwamba hairudi kwa adabu. Usipige kamwe ukiwa na jiwe nyuma ya windo, hata liwe dogo. Maji nayo ni hivyo hivyo: marisau yakigonga ziwa kwa mlalo huruka na kuendelea mbele, na mbele kule, nyuma ya matete, kuna mvuvi kwenye mtumbwi ambaye hujamwona.

Kariri umbali huu. Marisau ya milimita 2.4 yanaweza kuruka karibu mita 190, ya 2.8 karibu 220, ya 3.3 karibu 260. Huui kwa umbali huo, lakini jicho la mtoto anayechunga ng'ombe haliombi nguvu nyingi.

- Piga ndege akiwa na anga nyuma yake, au sungura akiwa na udongo nyuma yake.
- Bunduki ikunjwe wazi mnapovuka mtaro, mnapoingia mtumbwini na mnapokutana na mtu njiani.
- Ukianguka, hata kwa kuteleza tu, fungua na uangalie ndani ya mitutu. Tope la mbuga likiziba mdomo wa mtutu, risasi inayofuata hupasua chuma.
- Ukisikia mlio hafifu usio wa kawaida, simama. Fungua, toa ganda, chungulia mtutu mzima kabla ya kuweka nyingine.
- Wajulishe mwenye shamba na mwenyekiti wa kijiji kabla ya mlio wa kwanza, si baada.

Siku ya kwanza chukua risasi kumi tu. Ukirudi na kanga mmoja aliyekufa papo hapo na hakuna aliyejeruhiwa akapotea, umefanya vizuri kuliko aliyerudi na watano.

## Hatua ya 9: Kutu ya ziwani

Unyevu wa ziwa hula chuma usiku mmoja. Jioni ile ile, kabla ya kuoga na kabla ya kula, vunja bunduki vipande vyake vya kawaida. Pitisha brashi ndani ya mtutu, kisha kitambaa kikavu mpaka kitoke cheupe, kisha kitambaa chenye tone la mafuta. Futa nje yote, hasa ulipogusa kwa jasho.

Mafuta ya kupikia usitumie. Huganda na kuwa gundi ndani ya mtambo, na nimewahi kufungua bunduki ya mtu nikakuta sefti imenata kama andazi kwenye karatasi. Ukikosa ya bunduki, ya cherehani yatafaa kwa muda.

Usiihifadhi ndani ya mfuko wake wa ngozi au wa sponji. Mfuko hunyonya unyevu na kuukumbatisha chuma. Iwekwe tupu ndani ya sanduku la chuma, mdomo ukitazama chini ili mafuta yasishuke kwenye mbao za kitako. Risasi zifungiwe mahali pengine, na ufunguo ukae mwilini mwako, si juu ya kabati.

Baada ya siku mbili fungua sanduku, pitisha kitambaa cheupe kwenye mtutu. Kikitoka na rangi ya chai, kuna kutu inaanza: rudia brashi na mafuta siku hiyo hiyo, kisha uangalie tena keshokutwa.